Insha ya Wasifu: Mkimbiaji wa Milimani Aliyetwaa Taji la Marathoni

Swali la wasifu linapotokea katika Karatasi ya Kwanza, huwa fupi. Linaweza kusema tu: Andika wasifu wa mwanariadha unayemstahi. Maneno matano. Hapo una saa 1 na dakika 45 za kuandika insha mbili, kila moja isiyopungua maneno 400, na watahiniwa wengi hufurahi kwa sababu swali linaonekana rahisi. Nani asiyemjua mwanariadha? Kalamu inashika kasi, ukurasa unajaa, na mwishowe mtahini anapokea insha ambayo ingeweza kuandikwa kuhusu mtu yeyote aliyewahi kuvaa viatu vya mbio.

Katika somo hili tutamchukua mwanariadha mmoja, Victor Kiplangat wa Uganda. Tutayapitia aliyoyafanya, kisha tutaamua pamoja ni yapi yanayostahili kuingia katika insha na ni yapi ya kuachwa. Nimemchagua yeye na si Eliud Kipchoge kwa sababu mbili. Kwanza, kuhusu Kipchoge kila mtahiniwa ana sentensi alizozikariri, na sentensi za kukariri ndizo ugonjwa tunaotaka kuutibu. Pili, safari ya Kiplangat ina kona. Alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za milimani akiwa na umri wa miaka 17, kisha akawa bingwa wa dunia wa marathoni barabarani. Ina pia kona moja halisi, ya lami, ambayo tutaifikia.

Kosa ambalo halisameheki

Miaka michache iliyopita nilisahihisha insha ya mwanafunzi wangu hodari, msichana ambaye Kiswahili chake kilikuwa kikitiririka kama maji. Aliandika wasifu wa mwanariadha mashuhuri aliye hai. Kwa mujibu wa insha hiyo, mwanariadha huyo alizaliwa katika kibanda kinachovuja, akafiwa na mama yake akiwa na umri wa miaka minne, akawa anakimbia peku kilomita ishirini kila asubuhi kwenda shuleni huku tumbo likinguruma. Nilimwita nikamuuliza habari za kifo cha mama amezitoa wapi. Akainamisha kichwa. "Mwalimu, nilitaka inoge."

Mama wa mwanariadha huyo yu hai. Nilimuuliza mwanafunzi wangu angejisikiaje kama ni mama yake aliyezikwa ndani ya insha ya mtu asiyemjua, ili tu mtu huyo apate alama mbili zaidi. Hakujibu, nami sikuendelea. Lakini tangu siku hiyo, kila ninapofundisha wasifu, huanza na jambo hili kabla ya sura na kabla ya msamiati.

Insha ya kubuni inakuruhusu kuua na kufufua. Ukiambiwa uandike kisa kitakachothibitisha kuwa mchumia juani hulia kivulini, wahusika ni wako, wafanye utakavyo. Wasifu haukuruhusu. Unayemwandika ni mtu mwenye jina, ana jamaa, na matendo yake yameshuhudiwa. Usipojua jina la shule aliyosoma, ruka shule, uendelee na unayoyajua. Hakuna mtahini atakayekuondolea alama kwa sababu hukutaja shule ya msingi. Na huo umaskini wa kukariri, kwamba kila mkimbiaji wa Afrika Mashariki lazima awe alikimbia bila viatu akiwa na njaa, uache kabisa isipokuwa una hakika ndivyo ilivyokuwa kwa mtu huyo.

Alipotoka na alipoanzia

Victor Kiplangat alizaliwa Novemba 1999. Ni mtoto wa miteremko ya Mlima Elgon upande wa Uganda, eneo la Sebei. Mlima huo wenye kimo cha mita 4,321 tunaugawana na jirani zetu, na Wasebei wa upande ule ni ndugu wa Wasabaoti wa upande wetu. Ikiwa unasoma haya ukiwa Kapsokwony au Kitale, mlima unaouona dirishani ndio huo huo, ila wewe unautazama kutoka ubavu wa pili. Usiandike basi kwamba Kiplangat ametoka "nchi ya mbali".

Eneo hilo limelea wakimbiaji wakubwa. Stephen Kiprotich alitwaa dhahabu ya marathoni katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012, nishani ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki kwa Uganda tangu John Akii-Bua aliposhinda mita 400 kuruka viunzi kule Munich mwaka 1972. Mwaka uliofuata Kiprotich akawa bingwa wa dunia mjini Moscow. Joshua Cheptegei naye alitoka huko huko. Wakati Kiprotich anavunja utepe wa London, Kiplangat alikuwa na umri wa miaka 12.

Lakini Kiplangat hakujitokeza duniani kupitia barabara. Alijitokeza kupitia milima, na hapa watahiniwa wengi huchanganya mambo. Mbio za milimani si mbio za nyika. Za nyika hukimbiwa katika mizunguko ya nyasi, tope na vilima vidogo. Kampala iliandaa mashindano ya dunia ya mbio hizo Machi 2017. Za milimani hupanda mlima wenyewe. Kwa miaka mingi mashindano ya dunia ya milimani yalikuwa na desturi ya kupokezana: mwaka mmoja wakimbiaji hupanda tu hadi juu, mwaka unaofuata hupanda na kushuka. Usidhani kushuka ndiko kupumzika. Anayepanda huumia mapafu. Hatua zake ni fupi, mwili umeinama, pumzi haitoshi. Anayeshuka huumia mapaja, kwa sababu kila hatua misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki huku ikivutwa, na mguu lazima utafute pa kukanyaga kati ya jiwe na mzizi kabla akili haijawaza. Mtu anaweza kushinda kwenye kupanda akapoteza kila kitu kwenye kushuka.

Waganda walikuwa wameshaanza kuutawala mchezo huu. Geoffrey Kusuro alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2009. Phillip Kiplimo alifuata mwaka 2013, Isaac Kiprop mwaka 2014 na Fred Musobo mwaka 2015. Kisha, tarehe 30 Julai 2017, mashindano yakafanyika Premana, mji mdogo wa milimani kaskazini mwa Italia unaojulikana kwa mafundi wake wa visu na mikasi. Mwaka huo ulikuwa zamu ya kupanda na kushuka. Kiplangat, mwenye miaka 17, umri ambao ungemruhusu kukimbia na vijana wenzake, alikimbia na watu wazima, akashinda. Medali zote tatu za wanaume zilikwenda Uganda, na Musobo aliyekuwa bingwa miaka miwili nyuma alikuwa nyuma ya kijana huyo. Siku hiyo hiyo, mbio za wanawake zilishindwa na Mkenya, Lucy Wambui Murigi, ambaye alirudia ushindi huo mwaka 2018 kule Andorra. Kama unataka kumwandika mwanariadha ambaye mtahini hajachoka kumsoma, Murigi ni chaguo zuri. Magazeti yetu hayakumpa nafasi aliyostahili.

Kutoka mlimani hadi lami

Bingwa wa milimani anaweza kukaa milimani maisha yake yote. Kiplangat aliteremka barabarani, na marathoni ni kilomita 42.195 za jambo tofauti: kasi moja isiyobadilika, saa mbili na zaidi, bila jiwe la kuruka wala kilele cha kukupa moyo. Novemba 2021 alishinda Marathoni ya Istanbul, ile inayoanzia bara la Asia na kuvuka daraja kuingia Ulaya, kwa muda wa 2:10:18. Aprili 2022 akawa wa tatu mjini Hamburg kwa 2:05:09. Huo wa Hamburg ni muda wa mtu anayeweza kumtisha yeyote, ingawa siku hiyo Mkenya Cybrian Kotut na Mganda Stephen Kissa walimtangulia, wakitengana wao kwa wao kwa sekunde moja tu.

Miezi mitatu baadaye ndiyo Birmingham, Uingereza, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Ilikuwa tarehe 30 Julai 2022, miaka mitano kamili tangu Premana. Kiplangat aliwaacha wenzake, akawa peke yake mbele. Kisha, karibu na mwisho, akakosea njia. Fikiria hali hiyo: miguu imechoka, hakuna mtu mbele yako wa kumfuata, kelele za watu pande zote, unakata kona na ghafla unagundua kwamba barabara uliyoingia si ya mbio. Akarudi kwenye njia yake na kuendelea. Alimaliza kwa 2:10:55. Alphonce Felix Simbu wa Tanzania alikuwa wa pili kwa 2:12:29, na Michael Githae wa Kenya wa tatu. Pengo la dakika moja na nusu ndilo lililomwokoa. Hangekuwa nalo, kona ile ingemgharimu dhahabu.

Agosti 2023 alifika Budapest kwa mashindano ya dunia. Mbio zilianza saa 1 asubuhi ili kulikwepa joto, lakini joto halikukwepeka. Tamirat Tola wa Ethiopia, bingwa mtetezi, hakumaliza. Kiplangat alimtoka Leul Gebresilase, Mwethiopia mwingine, katika kilomita za mwisho, na Gebresilase alichoka kiasi kwamba Maru Teferi wa Israel alimpita na kuchukua fedha. Kiplangat alimaliza kwa 2:08:53, sekunde 19 mbele ya Teferi. Alikuwa na umri wa miaka 23. Miaka kumi kamili ilikuwa imepita tangu Kiprotich alipoiletea Uganda taji hilo hilo.

Halafu Paris, mwaka 2024. Njia ya marathoni ya Olimpiki ya Paris ilikuwa na milima. Ukijumlisha miinuko yake yote unapata mita 436, jambo lisilo la kawaida katika mbio za barabarani za ngazi hiyo. Ungekuwa unatabiri kwa karatasi na kalamu, ungesema: bingwa wa dunia wa marathoni, aliyekuwa bingwa wa dunia wa milimani, amepewa njia ya milima. Dhahabu si yake? Haikuwa yake, wala fedha, wala shaba. Aliyeshinda ni Tola, yule ambaye hakumaliza Budapest, na kwa rekodi ya Olimpiki ya 2:06:26. Na mwaka 2025 mjini Tokyo, taji la dunia lilikwenda kwa Simbu, yule wa pili wa Birmingham, aliyemaliza kwa 2:09:48, muda sawasawa na Mjerumani Amanal Petros, mpaka picha ikatumika kuwatenganisha.

Sasa chagua

Hayo ndiyo malighafi. Ukijaribu kuyaingiza yote katika maneno 400 utapata orodha, na orodha si insha. Jiulize swali moja kabla ya kuandika: nikilazimika kumwambia rafiki yangu jambo moja tu kuhusu mtu huyu, nitamwambia lipi?

Kwa maoni yangu ni lile la Birmingham. Halihusu muda wala medali. Linaonyesha mtu anavyofanya anapokosea mbele ya umati, akiwa na la kupoteza. Mwingine anaweza kuchagua Premana, yaani umri wa miaka 17 kati ya watu wazima. Mwingine atachagua Paris, na mtahini makini atamheshimu sana, kwa sababu kuandika kushindwa kwa mtu unayemstahi kunahitaji ujasiri. Chochote utakachochagua, kipe aya nzima. Mengine yape sentensi moja moja. Istanbul na Hamburg zinaweza kukaa katika sentensi moja bila madhara. Kusuro, Kiprop na wenzao watajwe kwa pamoja au wasitajwe. Insha si yao.

Ile sadfa ya tarehe 30 Julai nayo? Inavutia, nami nakiri niliifurahia nilipoigundua. Lakini ukiiweka, iweke kwa maneno machache, usiijengee falsafa ya majaaliwa.

Kumbuka sura. Anza na kichwa, mathalani WASIFU WA VICTOR KIPLANGAT, ukipigie mstari. Tumia nafsi ya tatu tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiandika "mimi nilizaliwa" umeingia katika tawasifu. Taarifa za msingi, yaani kuzaliwa, alikotoka na kazi yake, lazima ziwemo, kisha mafanikio, kisha tabia yake inayodhihirika katika mafanikio hayo. Mtahiniwa asiyezingatia sura hupoteza alama ambazo hazihitaji akili nyingi kuzipata.

Mianzo miwili

Soma mwanzo huu:

"Wahenga walinena kwamba mvumilivu hula mbivu, na penye nia pana njia. Hakika, wahenga hawakukosea kwani Victor Kiplangat ni mwanariadha shupavu, hodari, jasiri na mwenye bidii za mchwa ambaye ameiletea nchi yake sifa kochokocho katika ulingo wa riadha ulimwenguni kote."

Hakuna kosa la sarufi hapo. Kuna methali mbili, tashbihi iliyofichika na msamiati wa kutosha. Ila ukifuta jina la Kiplangat ukaandika la mwanasoka, mwanamuziki au chifu wa lokesheni yenu, huhitaji kubadilisha chochote zaidi ya neno "riadha". Mtahini amesoma mwanzo huo mara mia moja kabla ya chakula cha mchana.

Sasa soma huu:

"Asubuhi ya tarehe 30 Julai 2022, katika barabara za Birmingham, Uingereza, mkimbiaji aliyekuwa akiongoza marathoni alikata kona isiyo yake. Hakukuwa na mtu mbele yake wa kumwonyesha njia. Nyuma yake, Alphonce Simbu wa Tanzania alizidi kuja. Mkimbiaji huyo aligundua kosa, akarudi barabarani, akavunja utepe kwa tofauti ya zaidi ya dakika moja na nusu. Huyo ndiye Victor Kiplangat, mzaliwa wa miteremko ya Mlima Elgon nchini Uganda, aliyezaliwa Novemba 1999."

Hapa hakuna methali hata moja. Hakuna aliyeambiwa kwamba Kiplangat ni jasiri, lakini msomaji ameuona ujasiri. Na tazama mwisho wa aya: taarifa za kuzaliwa zimeingia bila kusimamisha mwendo. Aya ya pili sasa inaweza kurudi nyuma mpaka Premana, ya tatu ikaeleza alivyohamia barabarani, ya nne ikawa Budapest, na ya tano ikawa Paris.

Aya ya Paris ndiyo inayowashinda wengi, maana wanaogopa kumshusha shujaa wao. Ijaribu hivi:

"Mwaka 2024 Kiplangat alikwenda Paris akiwa bingwa wa dunia. Njia ilikuwa ya milima, na wengi waliokumbuka ushindi wake wa Premana walimtarajia jukwaani. Hakufika jukwaani. Dhahabu ilitwaliwa na Tamirat Tola, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ameshindwa kumaliza mbio zile zile ambazo Kiplangat alizishinda."

Sentensi nne. Haikumtukana wala kumtetea. "Hakufika jukwaani" ni maneno mawili yanayofanya kazi ya aya nzima. Sentensi fupi baada ya ndefu humfanya msomaji asimame. Usizitumie mfululizo, zitachosha.

Mitego ya lugha

Neno mbio liko katika ngeli ya I-ZI na tunalitumia katika wingi: mbio zilianza, mbio hizi, mbio ndefu zilizomchosha. Kila mwaka nakutana na "mbio ilianza". Shindano liko katika ngeli ya LI-YA: shindano lilifanyika, mashindano yalifanyika.

Mtego mkubwa kuliko yote ni wa saa. Ukiandika "Kiplangat alimaliza saa mbili na dakika nane", msomaji wa Kiswahili ataelewa kwamba alimaliza saa mbili asubuhi. Mbio za Budapest zilianza saa moja asubuhi, kwa hivyo alimaliza mnamo saa tatu na dakika nane. Unachotaka kusema ni muda aliotumia. Andika: "alitumia saa mbili, dakika nane na sekunde hamsini na tatu", au "alimaliza kwa muda wa saa mbili, dakika nane na sekunde hamsini na tatu". Na ni saa mbili, si "masaa mawili".

Usiandike "alishinda medali". Mtu hushinda mbio au humshinda mpinzani. Medali huitwaa, huinyakua au hujishindia. Usiandike "alikuwa namba mbili". Andika "alikuwa wa pili" au "alichukua nafasi ya pili". Kupanda mlima ni sahihi, na kinyume chake ni kushuka au kuteremka. Majina ya pekee yaanze kwa herufi kubwa: Mlima Elgon, Mto Nzoia, Michezo ya Olimpiki. Majina ya miji ya kigeni yaandike kama yalivyo, usijitungie "Bamingamu".

Msamiati ambao utakufaa: kufyatuka (kuanza kwa kasi), kumtoka mwenzako (kumwacha ghafla), pengo (nafasi kati ya wakimbiaji), bingwa mtetezi (anayeshikilia taji), kuvunja utepe (kufika wa kwanza), masafa marefu, mwinuko na mteremko. Chagua machache. Msamiati ni kama chumvi, nami nimeonja insha nyingi zilizotiwa chumvi na mtu aliyefumba macho.

Zoezi

1. Soma tena sehemu ya "Kutoka mlimani hadi lami". Bila kurudi kutazama, andika aya moja ya maneno 60 hadi 70 kuhusu mashindano ya Budapest. Kisha linganisha na kitabu: je, kuna jambo ulilolibuni?

2. Sahihisha sentensi hizi:
(a) Mbio ya milima ilianza saa tatu na Kiplangat akashinda medali ya dhahabu.
(b) Simbu alikuwa namba mbili baada ya kukimbia masaa mawili.
(c) Shindano zilifanyika premana mwaka wa 2017.

3. Mwandishi mmoja ameacha kutaja Paris katika wasifu wa Kiplangat. Mwingine ameitaja lakini akaongeza kwamba Kiplangat alishindwa kwa sababu "alirogwa na wapinzani". Eleza kosa la kila mmoja kwa sentensi mbili.

4. Chagua mtu wa kijijini au mtaani mwenu ambaye umemwona kwa macho yako akifanya jambo gumu: mama mboga, mkimbiaji wa shule, fundi, mzee wa nyumba kumi. Mwombe ruhusa, kaa naye nusu saa, muulize maswali. Andika wasifu wake wa maneno 400 ukianza na tukio moja. Ukimaliza, msomee. Popote atakapokwambia "hapana, haikuwa hivyo", rekebisha kabla ya kumpa mwalimu asahihishe.